Ndimu haitoi zebaki

Jamani kuna swali nimeulizwa sana na watu wangu wa karibu, eti hivi samaki na vitu vingine vya baharini bado vinalika na hizi kemikali zinazomwagwa majini au ndo tuache tu, na kila nikianza kujibu najikuta nimeongea mpaka mtu anachoka, kwa hiyo leo nimeona bora niandike yote sehemu moja. Jibu fupi ni kwamba vinalika, tena kuleni, ila ujue unakula samaki wa aina gani, mkubwa kiasi gani, katoka maji gani na unakula sehemu gani ya mwili wake. Haya mengine tunayohangaika nayo jikoni, kuosha na kuosha tena, kuloweka kwenye ndimu na chumvi, kukaanga mpaka akauke, ni mazuri na msiyaache, ila yana kazi yake nyingine kabisa.

Manake watu wengi wanachanganya madhara ya aina mbili. Kuna bakteria, virusi na minyoo, hawa ni viumbe hai, moto unawaua, barafu inawazuia kuzaliana, usafi unawapunguza. Halafu kuna kemikali, kama zebaki na kadimi ambazo ni metali, na PCB na dayoksini ambazo ni sumu zinazotokana na viwanda, hizi hazina uhai wa kuuliwa. Zebaki iliyo kwenye mnofu ukichemsha ipo, ukikaanga ipo, na kwa vile samaki anapoteza maji wakati anaiva, gramu moja ya samaki aliyeiva inaweza ikawa na zebaki nyingi kuliko gramu moja ya yule mbichi. Ndimu haigusi chochote hapo. Na ule ukaguzi wetu wa kuangalia macho na kufunua mashavu kuona kama matamvua bado mekundu, ule unakwambia samaki kafa lini, haukwambii alipokuwa hai alikuwa anaogelea kwenye nini. Samaki mwenye sumu anaweza akawa ananawiri, mtamu, hana harufu yoyote mbaya.

Nianze na zebaki kwa sababu ndo tunayoijua vizuri kuliko zote, na tumeijua kwa gharama kubwa mno.

Zebaki nyingi inayofika baharini siku hizi haimwagwi moja kwa moja. Inaanzia kwenye makaa ya mawe yanayochomwa kuzalisha umeme, na zaidi kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, pale mtu anapochanganya zebaki na mchanga wa mawe yaliyosagwa ili ikamate dhahabu, kisha anaichoma ipae ibaki dhahabu peke yake. Ule moshi unasafiri na upepo, unashuka na mvua, unaingia mitoni na baharini. Ikifika chini kwenye tope lisilo na hewa, kuna bakteria wanaibadilisha kuwa methilizebaki, na hapo ndo balaa linapoanza, kwa sababu methilizebaki inafyonzwa na viumbe kirahisi na haitoki kirahisi. Planktoni, vile viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, wanaibeba, uduvi anakula planktoni wengi, kisamaki kinakula uduvi wengi, samaki wa kati anakula visamaki vingi, papa anakula wale wa kati kwa miaka na miaka, na kila hatua ile sumu inazidi kujikusanya badala ya kupungua. Tena inakaa kwenye mnofu wenyewe, imeshikamana na protini, kwa hiyo hata ukitoa ngozi, ukitoa matumbo, ukakata kichwa, bado unaila.

Kwa binadamu inapita kwenye utumbo karibu yote, inaingia kwenye damu, inavuka kwenda kwenye ubongo, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Mwili unaitoa polepole sana, kiasi ulichonacho leo kinachukua kama mwezi na nusu mpaka miezi miwili kupungua nusu, na hiyo ni kama hujaongeza kingine.

Sasa Minamata. Najua wengi mmeshasikia jina, ila naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo kwa sababu kila kosa linaloweza kufanywa kwenye jambo hili lilifanywa pale.

Ni mji mdogo wa pwani, mkoa wa Kumamoto kule kusini mwa Japani, watu wanaishi kwa uvuvi, na kuna kiwanda cha kampuni ya Chisso ambacho tangu 1932 kilikuwa kinatengeneza kemikali ya viwandani inayoitwa asetaldehaidi kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na maji taka yake yanakwenda ghubani. Miaka ya mwanzoni ya 1950 watu wakaanza kuona mambo ya ajabu, samaki wanaelea, kunguru wanadondoka kutoka angani, paka wanatetemeka na kuzungukazunguka kama wanacheza ngoma, wengine wanaangukia baharini na kufa. Paka walikuwa wanakula mabaki ya samaki. Halafu ikafika kwa watu. Ganzi midomoni na vidoleni, mtu hawezi kufunga vifungo vya shati, anapepesuka akitembea, maneno hayatoki sawa, uwezo wa kuona pembeni unapotea mpaka anaona kama anachungulia kwenye tundu, na waliozidiwa wanapata degedege, wanapoteza fahamu na kufa. Tarehe 1 Mei 1956 daktari Hajime Hosokawa, ambaye alikuwa mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, akatoa taarifa rasmi kwamba kuna ugonjwa usiojulikana wa mfumo wa neva.

Wakadhani ni wa kuambukiza. Nyumba za wagonjwa zikapuliziwa dawa, majirani wakawakwepa, wavuvi ambao tayari walikuwa maskini wakawa wametengwa juu ya umaskini wao. Kabla mwaka haujaisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walishaanza kusema hii inaonekana ni sumu ya metali nzito inayotokana na samaki wa ghubani. Kiwanda hakikusimama. Mwaka 1958 kikahamisha mdomo wa maji taka kutoka ghubani kwenda kwenye mlango wa mto Minamata, na mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kutokea maeneo mapya ambayo mwanzo yalikuwa salama. Hebu fikirieni hilo, kuhamisha bomba kukawa kama kufanya jaribio kwa watu, na jaribio likajibu.

Mwaka 1959 Hosokawa alichukua maji taka ya kiwanda akawa anayachanganya kwenye chakula cha paka mmoja aliyepewa namba 400, na baada ya wiki kadhaa yule paka akaanza kutetemeka na kupepesuka vilevile. Alipowapelekea wakubwa wa kampuni matokeo wakamzuia asiendelee na matokeo hayakutangazwa. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo kampuni ikazindua mtambo wa kusafisha maji taka, watu wakashangilia, kumbe ule mtambo haukutengenezwa kwa ajili ya kuondoa zebaki. Watu wakarudi kula samaki wakijua mambo yameisha. Serikali ya Japani ilikubali rasmi chanzo cha ugonjwa Septemba 1968, yaani miaka 12 baada ya ile taarifa ya kwanza, na wakati huo kiwanda kilikuwa tayari kimeacha kutumia ile njia ya zamani. Katikati hapo, 1965, ugonjwa uleule ulishatokea tena Niigata, mkoa mwingine wa Japani, mto mwingine, kampuni nyingine.

Vipimo vyake vinatisha. Tope lililokuwa karibu na mdomo wa lile bomba lilikutwa na kama kilo 2 za zebaki kwa kila tani. Nywele za mgonjwa mmoja zilipimwa zikakutwa na zebaki 705 ppm, yaani sehemu 705 kwa kila milioni, wakati watu wa mji wa Kumamoto, mbali na ghuba, walikuwa na kama 4 hivi.

Na kitu kinachonikaa moyoni ni watoto. Wakati ule madaktari waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto, sumu haivuki. Lakini Minamata wakawa wanazaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo kwa mama ambao wenyewe hawakuwa na dalili kubwa, kwa sababu sumu ilikuwa inaelekea kwa mtoto. Walikuja kutambuliwa rasmi 1962. Daktari Masazumi Harada, ambaye alitumia maisha yake yote kwa wagonjwa hawa, alipata ushahidi kwa namna ambayo mimi nikiisoma nasimama kidogo. Familia za Kijapani zina desturi ya kukausha na kutunza kitovu cha mtoto, akawaomba akina mama, wakampa, vikapimwa, na methilizebaki ikakutwa humo. Waliokuja kutambuliwa rasmi kama waathirika wa ugonjwa huu ni zaidi ya 2,200, na wengine wengi sana walibaki miaka wakidai watambuliwe. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017 umepewa jina la Minamata.

Sasa mtu atasema hiyo ilikuwa ajali ya sehemu moja, bomba moja. Ni kweli kwamba samaki wa kawaida wa leo hana zebaki ya kiwango kile, hata karibu hafiki. Ila kanuni ni ileile, mdogo ana kidogo, mkubwa mla wenzake ana nyingi, na tofauti yenyewe sio ndogo. Vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani vinaonyesha papa ana wastani wa karibu 0.98 ppm, samaki-upanga naye hapohapo, jodari yule mwenye macho makubwa kama 0.69, yule mdogo mwenye mistari tumboni anayewekwa sana kwenye makopo kama 0.14, na ukishuka kwa sardini unakuta 0.013, kamba 0.009. Papa na sardini wamepishana zaidi ya mara 70. Kwa hiyo mtu anayesema "mi nakula samaki mara mbili kwa wiki" hajakwambia kitu mpaka akwambie samaki gani.

Wa kupunguza, na kwa mjamzito, anayenyonyesha, anayepanga kushika mimba na watoto wadogo wa kuacha kabisa, ni papa, nduaro, samaki-upanga, nguru wakubwa wa Atlantiki na huyo jodari mwenye macho makubwa. Wa kula kwa raha ni dagaa na jamii yake, sardini, anchovi, heringi wa bahari safi, vibua wadogo, samoni, kamba, ngisi. Kwa mjamzito ushauri wa Marekani ni gramu 227 mpaka 340 kwa wiki za wale wenye zebaki kidogo, na mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 kipande cha gramu 28 hivi kwa mlo, mara mbili kwa wiki, kinaongezeka kadiri anavyokua. Na kwa kuwa nimesema zebaki inachukua miezi kutoka, anayepanga kushika mimba asisubiri mpaka ashike, aanze kubadilisha aina ya samaki mapema.

Hapa niseme kitu maana nimekiona kwenye familia yetu. Ndugu yangu alipokuwa mjamzito marafiki zake walimjaza hofu akaacha samaki moja kwa moja, wa aina zote, mpaka alipojifungua, na aliamini anamlinda mtoto. Ilinisikitisha sana. Ubongo wa mtoto tumboni unahitaji omega-3, iodini, protini, na samaki ndo mahali rahisi pa kuvipata vyote kwa pamoja. Kuna tafiti mbili kubwa ambazo nadhani kila mtu angezijua tungepunguza kelele. Moja ilifanyika Visiwa vya Faroe kwa watoto kama 1,000 waliozaliwa 1986 na 1987, kule mama zao walikuwa wanakula nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi na mafuta yake yenye PCB, na watoto walipofika miaka 7 wale ambao damu ya kitovu ilikuwa na zebaki zaidi walifanya vibaya kidogo kwenye majaribio ya lugha, umakini na kumbukumbu. Mwaka 2008 wakuu wa afya wa visiwa hivyo wakashauri nyangumi asiliwe tena. Nyingine ilifanyika Shelisheli, mama wanakula samaki wa bahari kama milo 12 kwa wiki, wa aina mbalimbali, na watoto wao walipofuatiliwa miaka mingi haikuonekana athari mbaya inayojirudia. Mwanzoni watu walizichukua kama zinapingana, mi naona zinakamilishana. Zebaki ni mbaya kweli, na chakula kilichoibeba nacho kina uzito wake. Wataalamu walioitwa na FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 2010 walifikia hapohapo, kwamba kwa mama wa umri wa kuzaa faida ya kula samaki kwa mtoto ni kubwa kuliko hasara kwa sehemu kubwa ya hali walizozipima, ilimradi asichague wale wenye zebaki nyingi. Kwa hiyo ukikutana na mjamzito usimwambie acha samaki, mwambie badilisha samaki.

Tutoke kwenye zebaki twende kwenye zile zinazokaa kwenye mafuta, maana hizi tabia yake ni tofauti na hapa ndo jiko linasaidia kidogo. PCB zilikuwa zinatumika sana kwenye mafuta ya transfoma na vifaa vingine vya umeme, Marekani walipiga marufuku kuzitengeneza 1979 na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001 ukaziweka kwenye orodha ya kwanza ya sumu 12 pamoja na DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na dayoksini. Zimepigwa marufuku miaka yote hiyo lakini bado zipo, kwenye tope la bandari na mito ya viwanda, kwa sababu haziozi kirahisi. Zinapenda mafuta, kwa hiyo zinajificha kwenye ngozi, chini ya ngozi, kwenye tumbo lenye mafuta na kwenye ini. Ukitoa ngozi, ukakata yale mafuta ya tumboni na ya mgongoni, ukatupa ini, ukamchoma kwenye wavu yale mafuta yadondoke, unapunguza kiasi cha kutosha. Ukimkaanga na ngozi yake kisha ukatumia mafuta yaleyale kupikia kitu kingine umezirudisha zote. Na supu ya vichwa na matumbo ya samaki aliyetoka karibu na bandari chafu, hapana, hiyo mi siinywi.

Mfano wa hizi ni Bahari ya Baltiki, bahari iliyofungwafungwa, maji yake yanabadilika polepole, imezungukwa na viwanda. Heringi wakubwa wa pale wanazidi kiwango cha dayoksini cha Umoja wa Ulaya, ila Uswidi na Ufini wameruhusiwa kuwauza kwa watu wao kwa sharti wawape ushauri, na Uswidi wanawaambia watoto na wanawake wa umri wa kuzaa wasile samaki wa mafuta wa Baltiki zaidi ya mara 2 au 3 kwa mwaka. Kwa mwaka! Na heringi hata akiwa mkubwa bado ni samaki mdogo, sio papa, hivyo msichukue ile kanuni ya mdogo ni salama mkaipeleka kila mahali, kwenye maji machafu mdogo naye kachafuka.

Hilo linanileta kwa chaza, kome na jamaa zao wa magamba, ambao kwao swali la maji gani linashinda maswali mengine yote. Hawa wanakula kwa kuchuja maji, chaza mmoja mkubwa anaweza kuchuja mpaka lita 190 kwa siku, hahami, hakimbii, chochote kilichopo kwenye yale maji kinapita ndani yake na kingine kinabaki. Ndo maana wanasayansi wanawatumia kama vipimo, Edward Goldberg alipendekeza hivyo 1975 na Marekani wana mpango wa kupima chaza na kome wa pwani zao tangu 1986. Kome wa kwenye nguzo za gati palepale meli zinapofunga hata akiwa mnono vipi muacheni. Kwenye nchi zenye usimamizi mzuri maeneo ya kuvuna chaza yanapimwa, yanafunguliwa na kufungwa, ukinunua unauliza wametoka eneo gani na muuzaji mkweli anakuwa na karatasi.

Kuna vingine nitapita haraka. Kadimi inajikusanya kwenye viungo vya ndani, kwa hiyo ile nyama laini ya kahawia ndani ya kaa, na matumbo ya ngisi, usizifanye chakula cha kila siku, nyama nyeupe ya miguu haina shida hiyo. Aseniki inawatisha watu bure kwa upande wa samaki, manake nyingi iliyo kwenye samaki na kamba ipo kwa umbo ambalo halina madhara na linatoka na mkojo, isipokuwa mwani mmoja mweusi wa Japani unaoitwa hijiki ambao una aseniki ya aina mbaya na Uingereza waliwaambia watu wasiule tangu 2004. Halafu mbolea, zile zinazosombwa na mvua kutoka mashambani na maji taka ya majumbani, zenyewe sio sumu kwa samaki unayemla ila zinaweza kulisha mwani mdogomdogo ukalipuka, na baadhi ya aina za mwani huo zinatengeneza sumu kali inayojaa kwenye kome. Mwaka 1987 kule Kanada watu zaidi ya 100 waliugua kwa kome wenye asidi ya domoiki, mojawapo ya sumu hizo, wengine wakapoteza kumbukumbu, wengine wakafa. Na hizo sumu nazo moto hauziondoi. Eneo likifungwa na mamlaka kwa sababu hiyo, limefungwa, msitafute njia ya kuzunguka.

Mafuta yakimwagika baharini yenyewe angalau yana dalili. Ule mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka Aprili 2010 kwenye Ghuba ya Meksiko na kuua wafanyakazi 11, Marekani walifunga mpaka karibu asilimia 37 ya maji ya ghuba ile yaliyo chini ya serikali kuu watu wasivue, na kabla ya kufungua eneo walikuwa na watu waliofundishwa kunusa, wananusa samaki mbichi, wananusa aliyepikwa, wanaonja, na akipita hapo ndo anapelekwa maabara. Samaki wenye mifupa wana ini linalovunjavunja zile kemikali za mafuta kwa haraka, baada ya muda kwenye maji safi wanajisafisha, chaza ndo wanachelewa sana. Kwa hiyo samaki anayenuka dizeli au lami tupa, usijaribu kumfunika na viungo.

Lakini mi sitaki mzigo huu wote uishie kwenye sufuria ya mama fulani. Inanikera mno kuona kila tangazo la afya linamwambia mlaji chagua vizuri, kula kidogo, toa ngozi, wakati anayemwaga anaendelea kumwaga. Tena tunajua kabisa kwamba likizibwa bomba mambo yanabadilika. Miaka ya 1970 kwenye ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona magamba yananenepa na kujikunja, wale wachanga hawaishi, biashara ikaporomoka, chanzo kikaja kuonekana ni rangi ya kupaka chini ya boti yenye TBT, inayozuia viumbe kujigandisha. Ufaransa wakaipiga marufuku kwa boti ndogo 1982 na chaza wakarudi ndani ya miaka michache. Dunia nzima ilikuja kukubaliana baadaye sana, mkataba wa 2001 ulioanza kutumika 2008. Hakuna mlaji aliyeokoa chaza wa Arcachon kwa kuchagua vizuri sokoni, ilitoka sheria na ikasimamiwa.

Na wanaoumia zaidi ni wale wasio na cha kuchagua, mtu anayevua kwa ndoano yake mwenyewe pembeni ya gati au kwenye mdomo wa mto unaopita viwandani, samaki huyo ndo protini ya nyumbani kwake. Nje ya Los Angeles kuna eneo la bahari linaitwa Palos Verdes ambalo lilipokea mabaki ya DDT na PCB kupitia mabomba ya maji taka mpaka miaka ya 1970, zimelala kwenye tope mpaka leo, na kuna samaki wa chini anayeitwa white croaker ambaye wavuvi wa magatini wanaambiwa wasimle. Wameweka mabango kwenye magati kwa lugha mbalimbali kwa sababu wanaovua pale ni wahamiaji wa kila aina. Bango halisafishi tope lakini angalau mtu anajua.

Kama wewe ni wa kuvua mwenyewe karibu na bandari, kiwanda au mdomo wa mfereji, pendelea samaki wanaopita, wanaokuja na maji kutoka kilindini, kuliko wale wanaokaa chini kwenye tope siku zote, chukua wadogo wadogo kuliko lile dume zee, toa ngozi, mafuta na matumbo yote, na usile wa sehemu hiyohiyo kila siku. Ukiona samaki wamekufa wengi kwa mpigo usiokote hata mmoja, piga picha, andika tarehe na mahali, peleka kwa wanaohusika, na peleka kwa waandishi wa habari pia.

Na ninyi mlio kwenye vikundi vya wavuvi, halmashauri, shule, misikiti, makanisa, popote mnapoweza kusimama mkasikilizwa, kuna kitu kimoja naomba mkidai kwa jina. Vipimo vya zebaki na PCB vya samaki, na vya tope la bandari, vikifanyika visifungiwe kabatini. Vibandikwe palepale samaki wanaposhushwa, kwa lugha ya watu wa pale, viandikwe aina ya samaki, eneo alikovuliwa, tarehe na kiwango, na kando yake kiandikwe kiwanda gani kina kibali cha kumwaga nini kwenye maji hayo.